Nishani ya Mtumishi

Somo: Luka 12:35-37, Wakolosai 4:1



Mwezi wa Februari 1872, kijana mmoja alimwelekezea bastola Malkia Victoria wa Uingereza. Mtumishi wake, John Brown, alimkamata kijana yule, naye akatunukiwa nishani ya dhahabu na pauni 25 kila mwaka.

Mwaka huo huo malkia alianzisha nishani nyingine, ya fedha, kwa ajili ya watumishi wa nyumbani mwake. Hiyo haikudai ushujaa wa dakika moja. Ilidai miaka. Katika tawala zilizofuata, kipimo kilikuwa miaka 20 ya utumishi mwaminifu. Hebu fikiri, miaka 20 ya kuamka kabla ya mwenye nyumba! Hakuna gazeti liandikalo habari za kikombe kilichooshwa vizuri.

Naisifu desturi hiyo. Hata hivyo, mtumishi akiisha kuvishwa nishani alirudi kazini, na malkia akarudi mezani. Bwana Yesu anatuambia jambo la ajabu zaidi: bwana atakapowakuta watumwa wake wanakesha, atajifunga mwenyewe, awaketishe chakulani, awahudumie. Naye hakusema tu. Usiku ule wa Yohana 13 alishika beseni na kitambaa.

Sasa, baba na mama mlio na yaya au mpishi, Paulo anawaagiza mabwana wawape watumishi wao haki, kwa maana wao nao wana Bwana mbinguni. Haki kwanza, sifa baadaye. Mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi? Mama yake akiugua, wampa ruhusa aende? Jumapili wewe waimba kanisani. Yeye umemwacha wapi? Ameketi lini mezani pako? Na yule mzee anayefagia kanisa letu, ni wangapi kati yetu tunaolijua jina lake?

Nawe unayesikiliza redio hii jikoni, sufuria mkononi, huenda usivishwe nishani yoyote. Bwana anakuona. Tena, kuomba ujira wako si ukaidi; Yakobo 5:4 yasema kilio cha ujira uliozuiliwa kimefika masikioni mwa Bwana.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaosha wanafunzi wako miguu, utupe moyo wa kumwita jioni hii aliye jikoni, aje aketi nasi. Amina.