Ukimwagiza Rafiki Kamera ya Japani
Wasikilizaji wa Nyamitaba, mpiga picha za harusi anayemwagiza rafiki kamera iliyotumika kutoka Japani ampe pesa na jina kamili la kamera hiyo kabla ya safari. Wengine watasema marafiki hawadaiani. Lakini ushuru wa forodha hudaiwa aliyebeba, na kusema "ni ya rafiki" hakumwokoi. Tena umeme wa Japani ni volti 100, wetu 220: chaja isiyoandikwa 100–240 inaweza kuungua siku ya kwanza, na nafuu yote ya bei ikapotea hapo. Betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi ndani ya ndege, si kwenye sanduku la chini. Mwandikie rafiki yako haya yote kwenye karatasi, na umwachie nafasi ya kukataa.