Dandora ikiwaka, tingatinga liko wapi?

Kila jaa la Dandora linapofuka moshi, watu huuliza magari ya zimamoto yako wapi. Mimi ningeuliza tingatinga liko wapi. Jaa hilo la Nairobi lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na hadi leo linapokea taka. Chini ya lundo, mabaki ya chakula yanaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani. Moto ukishashuka humo, maji ya juu hutafuta mianya yakapita zake, na makaa yanaendelea kufukuta chini. Inabidi kuchimbua sehemu inayowaka, kuitandaza, kuimwagia maji ikiwa wazi, kisha kuifunika udongo na kuushindilia, hewa isipenye. Ni kazi ya polepole, chafu, na haina mvuto kwenye kamera.

Halafu kuna betri za simu. Ya lithiamu ikipondwa na tingatinga hilohilo, inaweza kuwaka papo hapo katikati ya karatasi na plastiki. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu nyumbani. Sawa. Lakini mama akishatenganisha, lori moja likaja kuzoa zote pamoja, amefanya kazi gani? Kaunti ianzie kwenye malori.