Herufi 16 kwa Mstari: Kiswahili kwenye Skrini Ndogo



Hiki nilichoshika mkononi ni skrini ya LCD ya mistari 2, kila mstari herufi 16. Ni ndogo kuliko kiganja changu. Wanafunzi wa uhandisi wanaifahamu, maana ndiyo ya kwanza wanayojifunza kuiwasha maabarani. Jumla inaonyesha herufi 32, na jioni ya leo nimekuja kuzungumzia hizo 32 tu. Anayezisoma mara nyingi amesimama, ana haraka, na hana wa kumuuliza.

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Prague, aliona kitu kinachoyeyuka mara mbili: kwanza kikawa kioevu chenye ukungu, joto lilipozidi kikawa cheupe kama maji. Ule ukungu ndio fuwele kioevu tuliyonayo ndani ya skrini hii, imebanwa kati ya vioo viwili. Inauzungusha mwanga ukapita. Umeme ukiigusa inanyooka, mwanga unazuiwa, na nukta inakuwa nyeusi. Kila herufi ina nukta 5 kwa upana na 8 kwa urefu. Zidisha mara 32, unapata nukta 1,280. Hizo ndizo tunazotumia kuzungumza na watu.

Chipu inayoziongoza ni HD44780 ya kampuni ya Hitachi, au mojawapo ya nyingi zilizoiga. Kumbukumbu yake ya maandishi inabeba herufi 80, yaani 40 kwa kila mstari. Angalieni pengo hilo: chipu inapokea 40, jicho linaona 16.

Pengo hilo lilinifundisha adabu. Mimi na wanafunzi wangu tulitengeneza kifaa cha kuuzia maji kwa kadi kwenye kioski kimoja kijijini. Tuliandika “Tafadhali weka kadi yako”. Kwenye kompyuta ilipendeza. Asubuhi ya kwanza akaja mama na ndoo mbili, akatazama, akageuka: “Mwalimu, niweke nini?” Nikasogea kuangalia. Skrini ilikuwa imeandika “Tafadhali weka k”. Herufi zilizobaki hazikupotea. Zilikuwa ndani ya chipu, kuanzia nafasi ya 17, mahali ambapo hakuna macho yanayofika.

Mwanafunzi mmoja akataka tuandike “Weka kadi” yaishe. Inaingia, lakini ni amri, na hatukwenda pale kumwamrisha mtu anayenunua maji kwa pesa yake. Yule mama ndiye aliyetuokoa. “Kwa nini kisiseme tu ‘Naomba kadi yako’?” Hesabuni pamoja nami, na nafasi mkizihesabu: ni 16 kamili. Heshima ipo, maana ipo, na hakuna kilichokatwa.

Tangu siku hiyo sikubaliani na wanaosema maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa skrini ndogo. Wanaosema hivyo huwa wameanza na sentensi ya Kiingereza, wakaitafsiri neno kwa neno, kisha wakaanza kukata mikia. “Kadi haijasomeka” ni 16 kamili. Nafasi ikibana zaidi, ondoa “kadi”: aliyekwisha kuichomeka kadi ataelewa “Haijasomeka”, kwa kuwa viambishi vinamwambia ni nini, na kwamba bado. Neno moja limefanya kazi ya sentensi.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Namba ya umeme wa LUKU ina tarakimu 20. Ukiiacha ijipange yenyewe kwenye mstari wa 16, nne za mwisho zinajificha, na mtu anashindwa kulinganisha na ujumbe ulioko kwenye simu. Igawe: tatu za nne nne juu, mbili za nne nne chini. Wapo wanaopenda maandishi yatembee kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi siyapendi. Fuwele hizi hugeuka polepole, hasa kwenye baridi, na herufi zinazokimbia zinaacha kivuli. Mzee anayesoma silabi kwa silabi anaachwa njiani.

Lakini tusiringe. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa kwa herufi ambazo chipu hii imezaliwa nazo. Gĩkũyũ hakina bahati hiyo: ĩ na ũ hazimo. Chipu inatoa nafasi 8 za herufi utakazochora mwenyewe, nukta kwa nukta, na hizo mbili, ndogo na kubwa, zinachukua 4 tu. Ni kazi ya nusu saa. Mhandisi anayeiacha, akaandika i na u tupu, ameandika neno jingine.

Wanangu mtakaotoka hapa na vyeti mwaka huu, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaingiza programu kwenye chipu, chukueni karatasi ya daftari la hesabu, choreni vyumba 16 kwa 2, andikeni sentensi zenu kwa penseli. Kisha mpelekeeni mtu atakayekitumia kifaa hicho, azisome kwa sauti mbele yenu. Akikwama, msimweleze. Futeni, muandike upya.