Mgeni wa Familia Ughaibuni na Jembe la Siku ya Tatu

Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ilizaliwa katika nchi ya mashamba, ambako jembe liliegemezwa ukutani na mgeni alijua namna ya kulishika. Lakini mzazi anayeshuka kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow ili akae na mwanawe kwa miezi mitatu, au hata sita, muda ambao viza ya kawaida ya matembezi nchini Uingereza huruhusu, halikuti jembe hilo. Anachokikuta ni mfuko wa kununulia vitu na jiko la umeme, na vyote viwili vinamtaka ajifunze upya.

Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya mambo makubwa ya maisha ya ughaibuni. Hata hivyo, ndani yake mna heshima ya mzazi, mna fedha za mtoto, na mna chakula ambacho wajukuu watakikumbuka.

Chukua mfano wa mama aliyetoka Mombasa kuja mashariki mwa London. Kwao yeye ndiye mwenye jiko. Ndiye anayeamua kitakachopikwa, humtuma kijana dukani, na muuza samaki humjua kwa jina. London, bintiye na mkwewe hutoka alfajiri kwenda kazini, wajukuu huenda shuleni, na mlango ukishafungwa husalia yeye na jokofu lililojaa vitu asivyovijua. "Mama, wewe keti tu upumzike," huambiwa. Maneno hayo hutoka katika mapenzi. Lakini mapumziko ya wiki moja ni starehe. Mapumziko ya wiki ya sita hufanana na kifungo.

Siku anapopelekwa katika duka kubwa kwa mara ya kwanza, kinachomshtua si wingi wa vitu, kwa kuwa maduka ya namna hiyo yapo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kinachomshtua ni bei. Kila kitu anachokishika hukigeuza kichwani kutoka pauni kuwa shilingi, kisha hukirudisha mahali pake. Nyanya sita kwa bei hiyo! Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii, kwa sababu mwanawe halipwi kwa shilingi. Hesabu inayofaa ni ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa kwenye rafu, inayoonyesha gharama ya kila kilo moja. Hapo ndipo mzoefu wa soko hung'amua kwamba pakiti inayoonekana rahisi huenda ndiyo ghali.

Kupatana bei hakupo, lakini bei hushuka yenyewe. Maduka mengi hupunguza bei ya mkate, nyama na mboga zinazokaribia mwisho wa tarehe, na kuzibandika karatasi ndogo, mara nyingi ya rangi ya njano. Hapa inafaa kutofautisha tarehe mbili. Maneno "use by" yanahusu usalama: siku hiyo ikipita, chakula hicho hakiliwi, hata kikinukia vizuri. Maneno "best before" yanahusu ubora tu, na mchele au biskuti zilizopita tarehe hiyo hazina haja ya kutupwa mara moja.

Maandishi ya vifungashio yamewapoteza hata wasomi. Mfuko ulioandikwa "cornflour" nchini Uingereza si unga wa sima. Ni wanga mtupu wa mahindi, unaotumiwa kuzitia mchuzi na rojo uzito, na atakayeusonga kwenye maji ya moto atapata kitu kinachoteleza kama gundi. Unga wa ugali hutafutwa kwa jina la "maize meal", na aghalabu hupatikana katika maduka ya Waafrika. Kadhalika, unga wa ngano ulioandikwa "self-raising" tayari umetiwa kiumulio. Unafaa kwa keki, lakini chapati zake huumuka pasipotakiwa. Na maziwa, katika maduka mengi, hutambulishwa kwa rangi ya kifuniko: buluu ni maziwa yenye mafuta yake yote, kijani yamepunguzwa mafuta, na nyekundu yameondolewa karibu yote. Mama akipika chai ya maziwa kwa kifuniko chekundu, asishangae ikitoka nyepesi.

Mboga nazo zina kitendawili chake. Mgeni kutoka Kenya huziona rafuni maharagwe machanga na maparachichi yaliyoandikwa kwamba yametoka nchini mwake, lakini mchicha haoni. Kilichosafiri ni kile Wazungu walichozoea kula. Mchicha huufikia London kwa njia nyingine, kupitia Wajamaika, ambao huuita "callaloo". Kisamvu hupatikana kikiwa kimegandishwa katika maduka ya Wakongo, kwa jina la "pondu" au "saka-saka", liwe duka la London au la mtaa wa Matonge mjini Brussels. Sukuma wiki, kwa aliye Marekani, ni "collard greens", mboga inayopendwa mno na Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Kwa hiyo anayetafuta chakula cha kwao hana budi kwanza kuuliza jirani zake wanakiitaje.

Ndiyo maana masoko ya wazi humfaa mgeni kuliko duka kubwa. Ridley Road huko Dalston, Brixton kusini mwa mji, au Queen's Market karibu na kituo cha Upton Park, ni mahali ambapo mihogo, bamia, ndizi za kupika na pilipili huuzwa na watu wanaopaza sauti. Matunda hupangwa katika mabakuli na kila bakuli lina bei yake, mtindo unaomkumbusha mtu mafungu ya Kongowea au Darajani. Hapo mama aliyekuwa bubu mbele ya mashine ya kujilipia hupata tena ulimi wake. Hulibonyeza embe, hulinusa, hulikataa, huchagua jingine.

Yapo pia mambo ambayo mgeni huwatangulia wenyeji wake. England ilianza kutoza peni 5 kwa kila mfuko wa plastiki katika maduka makubwa mwezi Oktoba mwaka 2015, na mwaka 2021 ikapandisha hadi peni 10. Kenya iliipiga marufuku kabisa mwaka 2017, na Tanzania bara ikafuata mwaka 2019. Basi anayewasili na kikapu chake mkononi hana la kufundishwa. Jumapili pekee ndiyo huhitaji tahadhari: kwa sheria ya mwaka 1994, maduka makubwa ya England na Wales hufunguliwa kwa saa sita tu siku hiyo, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Kazi nyingine iko jikoni. Sheria za Uingereza hazimruhusu msafiri kutoka Afrika Mashariki kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa, kwa hiyo samli ya nyumbani hubaki nyumbani. Hata sufuria nzuri ya alumini inaweza kuwa mzigo wa bure, kwani majiko mengi mapya yanayotumia nguvu ya sumaku hayaipashi moto. Yanahitaji chombo chenye kitako cha chuma kinachonasa sumaku. Vitunguu vya pilau vikikaangwa hadi viwe kahawia, king'ora cha moshi huweza kulia nyumba nzima. Dawa yake ni kufungua dirisha na kuwasha feni ya jikoni, si kukitoa king'ora betri, kwa kuwa ndicho kinacholinda maisha ya waliolala.

Mbuzi ya kukunia nazi hayupo, lakini kopo la tui halikosekani. Likiachwa litulie bila kutikiswa, tui zito hupanda juu. Mpishi hulichota likawa kasimele ya kumalizia mchuzi, na kinachobaki chini huongezwa maji kikapikia wali. Ujuzi wa zamani haukupotea. Umebadilisha chombo tu.

Yote haya mgeni anaweza kuyajifunza kwa wiki mbili, kwa sharti kwamba mwenyeji atayafundisha. Na hapo ndipo penye ugumu. Mwana humwonea mzazi huruma na kumzuia. Mkamwana naye huenda akaona jiko lake linatwaliwa, kwani mafahali wawili hawakai zizi moja. Mzazi, kwa upande wake, anaweza kupika sufuria ya watu kumi katika nyumba ya watu wanne, au kuwadharau wajukuu kwa kupenda chakula cha shuleni.

Familia zinazofanikiwa huzungumza mapema. Hukubaliana siku za kila mmoja jikoni, na kiasi cha fedha kinachokabidhiwa mama bila kudaiwa risiti. Humpitisha njia ya kwenda sokoni mara mbili au tatu, kisha humwacha aende peke yake. Humpa mjukuu mmoja awe msomaji wake wa maandishi, naye kwa malipo humfundisha mjukuu huyo majina ya viungo: iliki, mdalasini, bizari, karafuu. Mtoto asiyetaka kujibu salamu kwa Kiswahili mara nyingi hulijua neno "mandazi" kwa sababu ameyaonja.

Jembe, wahenga walipolitaja, halikuwa adhabu kwa mgeni. Lilikuwa njia ya kumwambia kwamba sasa amekuwa mtu wa nyumbani. Mfuko wa sokoni unaweza kusema neno hilo hilo, mradi mwenye nyumba asisahau kuutoa, na anayeupokea aonyeshwe njia.