Nyasa Si Hati ya Ziwa

Msikilizaji wa Bujonde, nawe uliye Itungi, Matema au ng'ambo ya Songwe, kila mjadala wa mpaka wa ziwa letu unapoibuka husikika hoja moja inayopendwa mno: kwamba jina ndilo hati. Sisi tunasema Nyasa, majirani wanasema Malawi, na kila upande huliona jina la mwenzake kama uzio uliosogezwa usiku. Hoja hiyo haisimami, na shahidi ni neno lenyewe.

Nyasa ni neno la Kiyao, na maana yake ni ziwa. Ziwa lolote lile. Wachewa husema nyanja. Ukipanda kaskazini utawakuta Waganda na ennyanja, Wasukuma na nyanza. Ndiko lilikotoka jina la uliokuwa Mkoa wa Nyanza kule Kenya, na Burundi wana mji wa Nyanza-Lac kando ya Tanganyika, ziwa jingine kabisa. Kwa Wanyarwanda, inyanja ni hata bahari. Wanaisimu huyarudisha maneno haya kwenye shina moja la Kibantu linalotaja maji mengi. David Livingstone alipolifikia ziwa hili mwaka 1859, alilichukua neno la kawaida la wenyeji akaliandika kama jina la pekee. Kwa hiyo tukisema Ziwa Nyasa tunasema Ziwa Ziwa, na Wamsumbiji wenye Lago Niassa yao wamo humo humo. Ila tusidanganywe na sauti: nyanja za siasa na elimu tunazozitaja kila siku ni wingi wa uwanja, wala hazitaji maji.

Yuko atakayesema kwamba Nyasa ni jina la mkoloni, ndiyo maana Malawi ililitupa ilipopata uhuru mwaka 1964. Kweli Waingereza waliiita nchi ile Nyasaland tangu 1907, lakini neno walilikuta, hawakulitunga. Malawi nalo ni jina kongwe lenye heshima yake, linalotokana na Wamaravi na dola yao. Hata lugha ya huko ilibadilishiwa jina: mwaka 1968 serikali ya Rais Banda ilikiita Chinyanja Chichewa, ilhali Zambia wanaendelea na Chinyanja. Wasemaji hawakulazimika kujifunza lugha mpya. Na samaki je? Anayeitwa mbasa hapa Kyela ni mpasa kule, na usipa ni usipa pande zote mbili.

Mwingine atauliza: kama jina si hati, mbona Tanzania imeling'ang'ania? Kwa sababu ndilo tulilozoea, na mazoea ni sababu tosha ya kulitumia. Si ushahidi wa mpaka. Mgogoro wenyewe umelala kwenye mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890: Malawi inausoma kwamba mpaka unafuata ufukwe wetu, Tanzania inadai upite katikati ya maji. Hakuna kati ya madai hayo mawili linalopata nguvu wala kudhoofika kwa ziwa kuitwa hivi au vile. Anayetaka kuitetea nusu yetu, na mimi naona ina utetezi, aje na mkataba, ramani na sheria ya kimataifa. Jina aliweke kando.