Kiumbe wa Pahali Pamoja



Aghalabu mtu asikiapo kuwa mnyama fulani yumo katika hatari ya kutoweka duniani, swali la kwanza limtokalo kinywani huwa, "Wamebaki wangapi?" Swali hilo si baya, walakini halitoshi, na pengine hudanganya, maana wako viumbe waliokuwa maelfu kwa maelfu, na mwaka haukupinduka illa wamekwisha hiliki. Lenye uzito zaidi ni swali la pili: hao waliobaki maskani yao ni wapi, na je, wanapo pengine pa kukimbilia?

Ushahidi wa jambo hili tunao hapa hapa Tanzania. Katika milima ya Udzungwa uko mto uitwao Kihansi, uteremkao kwa maporomoko makubwa kuelekea bonde la Kilombero, na zamani maji yake yalipogonga miamba yalitoa rasharasha iliyolowesha majani ya kando usiku na mchana, masika na kiangazi, bila kukatika. Katika majani hayo yaliyoloa, mahali ambapo eneo lake lote lilikuwa kiasi cha hekta 2 tu, alionekana mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyezidi urefu wa sentimita 3, ambaye hajapata kuonekana akiishi porini pengine po pote chini ya jua. Chura huyu hatagi mayai majini kama walivyo vyura tuwajuao, bali huzaa watoto waliokwisha timia viungo vyao. Na ngozi ya tumbo la mama ni nyepesi hata vitoto huonekana ndani, vyeusi, kabla ya kuzaliwa.

Alipojulikana, kazi ya kujenga mtambo wa umeme wa megawati 180 juu ya mto ule ilikuwa imekwisha anza. Hapana mwenye insafu awezaye kulilaumu taifa kwa kutaka umeme wa shule zake, hospitali zake na viwanda vyake. Walakini maji yaliyotakiwa na mtambo yalikuwa ndiyo yale yale yaliyotoa rasharasha. Na yalipogeuzwa kupita katika handaki, karibu sehemu 9 katika kila 10 za maji ya mto ziliacha kushuka korongoni, majani yakakauka, na kiumbe ambaye hunywa kwa ngozi yake, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya pumzi zake, akakabiliwa na ukame ambao kizazi chake hakikupata kuujua.

Haikosi kutajwa kwamba juhudi kubwa ilifanywa. Vyura wapatao 500 walichukuliwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, wakalelewe huko. Na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, ili mkono wa binadamu urudishe kidogo kile ambacho mkono wa binadamu ulikuwa umekiondoa. Vyura wakaongezeka, hata ilipofika Juni 2003 wakakadiriwa kuwa kiasi cha 20,000, na mtu wa hesabu tupu angalisema kwamba msiba umepita. Baada ya miezi michache tu wakaporomoka. Maradhi ya kuvu yashambuliayo ngozi za vyura, ambayo yamekwisha fisha vyura wa nchi nyingi duniani, yalionekana kati yao. Na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi hayupo tena porini.

Basi tutazame sababu. Kiumbe aliyeenea katika nchi kumi, akipatwa na tauni upande wa kusini, husalia upande wa kaskazini. Ukame ukimwondoa bondeni, huonekana mlimani. Lakini wa pahali pamoja ni kama ukoo mzima uliolala katika nyumba moja: moto ukiwaka usiku, hesabu ya waliolala ndani haiwafai kitu. Fauka ya hayo, kwa vile ameishi dahari nyingi katika hali moja isiyogeuka, mwili wake umefungamana na hali hiyo, na lile lililokuwa uhodari wake likawa kifungo chake.

Walakini si lazima kila kisa kiishe kwa hasara. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye naye hakai penginepo ila katika kisiwa hicho, alikuwa amepungua sana kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti alalamo; wenyeji wakaunda vilabu vya kumlinda, kama walivyofanya watu wa Kidike, na leo amezidi 20,000. Na chura wa Kihansi mwenyewe, kwa fadhili ya wale waliohifadhiwa ng'ambo, alirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa korongoni kwake. Tafauti ya visa hivi viwili ni gharama. Popo alilindwa na majirani zake angali kwake. Chura alihitaji ndege, maabara, mabomba na miaka zaidi ya kumi, na bado hatuwezi kusema amepona.

Kwa hiyo kosa la Kihansi halikuwa kujenga, bali kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Wenye dhima ya kutoa idhini za mabwawa, migodi na barabara nawasihi wapeleke wajuzi wa viumbe mahali pale kabla ya mhandisi kupiga ramani yake ya mwisho, na wawape muda wa kutosha, kiangazi na masika; kwa sababu mto unaweza kupimwa upya na mtambo ukasogezwa, lakini kiumbe asiye na pengine akiondoka hapo alipo, ameondoka duniani.