Kujikinga na Ukame kwa Fedha za Umma

(Mazungumzo kwa wananchi, yaliyopigwa chapa hapa yote)



Nataka kusema nanyi juu ya fedha za umma na usalama wa watu wakati wa ukame. Huenda mtu akadhani kwamba jambo hili ni la wakuu wa hazina tu. Sivyo. Lamhusu kila mwenye ng'ombe na kila mwenye shamba, na hata mfanya kazi wa mjini apelekaye fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Hapana serikali iwezayo kuamuru mvua inyeshe. Lakini ukame ni jambo moja, na njaa ni jambo lingine. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa, na mwanzoni mwa 2023 watu wapatao milioni 4.4 walihitaji msaada wa chakula. Mahali penye kisima kizima, barabara ipitikayo na soko la karibu, mtu aweza kuuza mbuzi wake mapema, wangali wanono, akanunua unga. Pasipo na vitu hivyo, hungoja tu, mpaka mbuzi wakafa na fedha zikafa pamoja nao.

Basi kwa nini mahali pengine hapana visima wala barabara? Si kwa sababu ya jua peke yake. Serikali ya kikoloni iliifunga nchi ya Kaskazini kwa sheria za mwaka 1902 na 1934, mtu asiingie wala asitoke bila ruhusa. Baada ya Uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema fedha za maendeleo zitiwe mahali penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ili mali ya nchi iongezeke upesi, kisha faida yake iwafikie wengine. Wengine hao walingoja muda mrefu sana.

Katiba ya mwaka 2010 iliigeuza njia hiyo. Iliagiza kwamba kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Serikali kuu. Tena iliweka Mfuko wa Usawazishaji, utiwao nusu ya asilimia moja ya mapato hayo kila mwaka. Kazi ya Mfuko huo ni maji, barabara, hospitali na umeme kwa sehemu zilizoachwa nyuma, mpaka zilingane na nyingine. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14 zistahilizo, tangu Turkana na Mandera hata Kwale, Lamu na Taita Taveta.

Lakini sheria njema haichimbi kisima. Fedha za Mfuko zilichelewa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha taratibu za kuuendesha, na kanuni mpya zikatungwa mwaka 2021. Nao Mfuko una umri wake: miaka ishirini tu, yaani hata Agosti 2030, isipokuwa Bunge liuongeze kwa kura zaidi ya nusu katika Mabunge yote mawili. Kila mwaka upitao bila kazi ni mwaka ulioondolewa katika haki ya watu hao.

Yako mambo mema ya kuigwa. Katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, tangu mwaka 2009 jamaa maskini wamepewa fedha taslimu. Ukame ukizidi, jamaa wengine huongezwa. Hutazamwa kwa setilaiti jinsi majani yanavyokauka, ili msaada utoke kabla watu hawajauza kila kitu.

Huko Isiolo, wazee wa Waborana wana baraza lao liitwalo dedha, ambalo tangu zamani hugawa malisho ya masika, ya kiangazi na ya wakati wa shida. Mfuko wa kaunti wa kukabili mabadiliko ya hali ya hewa ulipojaribiwa huko, kamati za wadi zilichagua wenyewe kazi za kufanywa. Makueni iliweka mfuko kama huo kwa kanuni za mwaka 2015, ikautengea asilimia 1 ya fedha zake za maendeleo. Wajir ikatunga sheria mwaka 2016, ikautengea asilimia 2. Fedha hizo hutengwa mvua ingali ikinyesha, na hapo ndipo penye maana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yafaa tufanye nini, basi? Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Hapana budi kwenda katika baraza kabla ya siku hizo, siyo baada yake. Ulizeni mambo matatu: kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya ukame, kazi gani itafanywa na mahali gani, na fedha za mwaka uliopita zilifanya nini. Kutoa majibu hayo si hisani ya mkubwa. Katiba yaagiza fedha za umma zitumiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe.

Tena, asisahauliwe asiyekuwapo. Mchungaji yuko mbali na mifugo wakati wa baraza. Mwanamke atembeaye saa nyingi kutafuta maji ndiye ajuaye kisima kichimbwe wapi, lakini mara nyingi hukaa nyuma asiulizwe. Baraza lisilowasikia hawa litajenga bwawa mahali pasipofaa, na ukame ujao utatukuta tulipokuwa.